Binti Irich Mirza: Malkia Aliyeachwa au Malkia Aliyeondoka?

Utangulizi

Muhula uliopita, katika somo la fasihi, tulipewa kazi ya kuandika hadithi fupi ya kihistoria. Sharti lilikuwa moja tu: mhusika mkuu awe mtu aliyepata kuishi kweli katika pwani ya Afrika Mashariki. Mimi nilimchagua mke wa Kiajemi wa Seyyid Said bin Sultan, yule anayesemwa kuwa alijengewa hamamu za Kidichi kule Unguja, kisha akapewa talaka na kurudishwa kwao. Nilidhani kazi itakuwa nyepesi. Mfalme yupo, malkia yupo, yapo mapenzi, ipo hasira, na mwisho ipo safari ya baharini. Mwandishi wa hadithi anataka nini zaidi?

Nilianza na malkia amekaa dirishani katika Kasri la Mtoni, analia. Niliandika kurasa mbili nikakwama. Kila nilipotaka kumpa neno la kusema, nilijiuliza: nimejuaje kwamba alilia? Nimejuaje kwamba hakufurahi kuondoka? Hadithi ile sikuimaliza kwa wakati. Insha hii imetokana na kukwama huko.

Katika insha hii ninajaribu kuonyesha kwamba karibu kila tunachokijua kuhusu mwanamke huyu kimetoka upande wa mumewe, na kwamba hata neno "kuachwa" limetoka upande huo. Kwanza nitaeleza ndoa za Seyyid Said zilikuwa za namna gani. Pili nitachunguza jina la malkia na masimulizi ya Bibi Salme. Tatu nitamlinganisha na malkia mwingine wa zama zile, Jumbe Fatima wa Mwali. Mwisho nitaeleza habari ya bibi yangu mzaa mama, kwa sababu yeye ndiye aliyenifundisha kuliuliza swali hili kabla hata sijalisoma darasani.

Huenda msomaji akashangaa: mtoto wa Palma, kaskazini ya Cabo Delgado, ana nini na malkia wa Unguja? Jibu ni kwamba pwani yetu ilikuwa mpaka wa kusini wa dola hiyohiyo. Katika mkataba wa mwaka 1822 kati ya Seyyid Said na Waingereza, uliopiga marufuku kuwauzia Wakristo watumwa, mstari wa mpaka baharini ulianzia Rasi Delgado. Ghuba ya Tungi, ambako leo upo mji wa Palma, iligombaniwa na Unguja na Wareno mpaka Februari 1887, manowari za Wareno zilipoipiga mizinga Tungi na kuichukua. Kwa hiyo mfalme ninayemwandika hapa alikuwa, kwa madai yake mwenyewe, mfalme wa pwani yetu pia.

Ndoa za Seyyid Said

Seyyid Said alitawala tangu mwaka 1806 mpaka alipofariki baharini Oktoba 1856, akiwa njiani kutoka Oman kurudi Unguja. Katika miaka hiyo hamsini alifanya mambo mengi yanayojulikana na kila mwanafunzi: aliwashinda Mazrui wa Mombasa mwaka 1837, alihamishia makao yake Unguja, alipanda mikarafuu, na aliandikiana mikataba na Marekani, Uingereza na Ufaransa. Lakini jambo moja halisemwi sana. Kwa mtawala kama yeye, ndoa nayo ilikuwa mkataba.

Mfano ulio wazi ni ule wa Bukini. Mwaka 1833 Seyyid Said alimposa Malkia Ranavalona wa Kwanza, mtawala wa Bukini, na pamoja na posa hiyo aliomba askari wa kumsaidia katika vita vyake vya Mombasa. Malkia alikataa kuolewa. Posa inayokuja na ombi la askari haihitaji maelezo marefu. Aliyekuwa akiposwa ni jeshi, na mwanamke alikuwa mlango wake.

Ndoa ya Uajemi tuitazame kwa jicho hilohilo. Kule Ghuba Seyyid Said alikuwa na maadui wengi: Wawahabi kwa upande wa bara na Qawasim baharini. Aidha alikuwa ameikodi bandari ya Bandar Abbas, ambayo ilikuwa katika ardhi ya Uajemi, na ushuru wake ulikuwa na faida kubwa. Kumwoa binti wa ukoo wa Shah kulikuwa njia ya kutuliza upande huo. Waandishi wa historia wanataja ndoa mbili za Kiajemi. Ya kwanza ni ya mwaka 1827, na binti wa familia ya gavana wa Shiraz. Ya pili ni ya mwaka 1847, na binti wa Irich Mirza. Hamamu za Kidichi, ambazo husemwa zilijengwa mwaka 1850, huhusishwa na huyu wa pili.

Jambo la kuangalia ni kwamba ndani ya nyumba ya Seyyid Said hakuwa na nafasi ya kwanza mwanamke wa Kiajemi. Bibi mkubwa alikuwa Azza binti Seif, wa ukoo wa kifalme wa Oman. Salme anamweleza kuwa mwanamke mfupi, asiye na sura ya kutazamwa mara mbili, lakini aliyekuwa na nguvu ya ajabu juu ya mumewe, na watu wote nyumbani walilazimika kumwita kwa cheo. Hakuwa na mtoto aliye hai. Watoto 36 ambao Seyyid Said aliwaacha alipofariki walizaliwa na masuria. Basi mgeni kutoka Uajemi aliingia katika nyumba iliyokuwa tayari na mwenyewe, na yenye masuria wengi ambao kila mmoja alikuwa na watoto wa kuwatetea. Yeye hakupata mtoto. Katika nyumba kama hiyo, mke asiye na mtoto wala ndugu wa karibu husimama juu ya mkataba wake tu. Mkataba ukivunjika hana pengine pa kushika.

Jina lisilo jina

Nilipotaka kumpa mhusika wangu jina ndipo nilipogundua tatizo la kwanza. Wengine humwita Binti Irich Mirza. Hilo ni jina la baba yake. Salme katika kitabu chake anamwita Schesade, kwa tahajia ya Kijerumani, na kutoka hapo waandishi wengi wa baadaye wamemwita Shahrazad au Sheherazade, kama yule msimulizi wa Alfu Lela Ulela. Jina hilo linapendeza katika hadithi. Lakini kwa Kiajemi, "shahzade" maana yake ni mtoto wa mfalme. Ni cheo, kama sisi tunavyosema "sayyida" au "mwana". Mimi naona inaelekea zaidi kwamba watumishi wa Mtoni waliwasikia Waajemi wakimwita bibi yao "Shahzade", nao wakadhani ndilo jina lake.

Ikiwa ni hivyo, basi tunayo majina mawili ya mwanamke huyu na hakuna hata moja lililo lake. Moja linatuambia baba yake ni nani. La pili linatuambia daraja lake. Jina aliloitwa na mama yake halimo katika kitabu wala katika ukuta wa Kidichi.

Mwanafunzi mwenzangu aliniambia, "Mpe jina lolote, ni hadithi tu." Ni kweli kwamba mwandishi ana ruhusa hiyo. Hata hivyo nilihisi kwamba nikimpa jina zuri la kubuni, nitakuwa nimemfichia msomaji jambo kubwa kuliko yote katika habari hii. Huyu alikuwa mtu wa daraja la juu kabisa katika pwani nzima, na bado hakuna aliyeona haja ya kuliandika jina lake.

Salme anavyosimulia

Chanzo chetu kikubwa ni kumbukumbu za Bibi Salme binti Said, zilizochapishwa kwa Kijerumani mwaka 1886. Salme alizaliwa Mtoni mwaka 1844, na mama yake, Jilfidan, alikuwa suria wa Kisirkasi. Mwaka 1866 alitoroka Unguja, mwaka uliofuata akabatizwa Aden kwa jina la Emily na kuolewa na mfanyabiashara Mjerumani, Heinrich Ruete, na kuhamia naye Hamburg. Mumewe alifariki mwaka 1870. Kitabu alikiandika akiwa mjane, mbali na kwao, kwa wasomaji wa Ulaya.

Kwa muhtasari, Salme anasema hivi. Baba yake alikuwa na mke wa Kiajemi mwenye uzuri usio na kifani. Alikuja na wapanda farasi wa Kiajemi 150, ambao walikaa sehemu ya chini ya Kasri la Mtoni, naye alizoea kutoka nao mchana kweupe kuwinda na kupanda farasi. Nguo zake zilitariziwa lulu, na lulu zilipodondoka, wafagiaji walioziokota hawakuambiwa wazirudishe. Alitapanya mali, alivunja miiko, na moyo wake ulikuwa kwa mwanamume mwingine. Siku moja Seyyid Said alikasirika kiasi cha kutaka kumuua, mtumishi mwaminifu akamzuia, na baada ya hapo pakawa na talaka. Salme anamaliza kwa uvumi: miaka mingi baadaye, katika vita vya Bandar Abbas, watu walisema wamemwona upande wa Waajemi, akiwalenga jamaa wa Seyyid Said kwa mkono wake mwenyewe.

Masimulizi haya ni matamu, na ndiyo maana yamedumu. Lakini tukiyauliza maswali ya mwanahistoria, mambo manne yanajitokeza.

La kwanza ni wakati. Salme anamzungumza mwanamke huyu kama mtu wa zamani, kabla ya siku zake. Lakini ikiwa ndoa ilikuwa mwaka 1847, Salme alikuwa mtoto wa miaka mitatu anayeishi Mtoni. Ama alikuwa mdogo mno hata hakumbuki, ama anayoyasimulia ni ya yule wa 1827. Inawezekana pia kwamba katika midomo ya watu wa Mtoni wanawake wawili walikwisha kuwa mmoja.

La pili ni njia ya habari. Salme hakuyaona haya kwa macho. Aliyasikia kwa wanawake wa nyumba ile, masuria na watumishi. Masuria hawakuwa na sababu ya kumpenda mwanamke wa nasaba aliyekuja kukaa juu yao. Naye Azza binti Seif hakuwa na sababu ya kumtetea.

La tatu ni dhehebu na desturi. Seyyid Said alikuwa Ibadhi, na Waajemi ni Mashia. Mapambo ya lipu katika hamamu za Kidichi yana maua na ndege kwa mtindo wa Kiajemi, jambo lisilozoeleka katika majumba ya Waarabu wa Oman wa zama hizo. Salme mwenyewe anakiri kwamba wanawake wa Kiajemi walikuwa na uhuru zaidi kuliko wa Kiarabu. Kwa hiyo kupanda farasi mchana, ambako Mtoni kulionekana fedheha, kwao Uajemi huenda kulikuwa malezi ya kawaida ya binti wa mfalme. Kosa lake la kwanza lilikuwa kufanya Unguja yale aliyofundishwa kwao.

La nne ni watu wa chini. Ile habari ya lulu imesimuliwa ili kuonyesha ubadhirifu. Lakini mimi niliposoma niliwafikiria zaidi wale wafagiaji. Walikuwa watumwa, na wengi wa watumwa wa Unguja waliletwa kupitia Kilwa kutoka bara ya kusini, nchi za Ziwa Nyasa na Ruvuma, yaani nyuma ya pwani yetu. Kwa mwenye mali, lulu iliyodondoka ni hasara. Kwa mfagiaji wa Kiyao au wa Kimakua, huenda ilikuwa kitu pekee alichopata kukiita chake. Salme, ambaye katika kitabu chake anautetea utumwa, hakulitazama jambo hilo hata kidogo.

Sisemi kwamba Salme ni mwongo. Bila yeye tusingekuwa na chochote. Yeye pia alikuwa mwanamke aliyetengwa na ukoo wake: alipokwenda Unguja mwaka 1885, ndugu yake Seyyid Barghash alikataa kumpokea. Lakini mtu aliyetengwa si lazima amwonee huruma mwenzake aliyetengwa. Wakati mwingine humtaja ili kuonyesha kwamba yeye hakuwa kama yule.

Aliachwa au aliondoka?

Sasa nirudi kwenye neno lenyewe. Katika sheria ya Kiislamu ndoa huvunjika kwa njia zaidi ya moja. Mume anaweza kutoa talaka. Mke anaweza kujivua kwa khului, yaani kurudisha mahari au kutoa fidia na kuondoka. Kadhi naye anaweza kuivunja ndoa. Lakini katika mazungumzo yetu ya kila siku pwani nzima, mambo haya yote huitwa kwa jina moja: "ameachwa". Lugha imekwisha kuamua nani aliyetenda na nani aliyetendwa, kabla hatujauliza.

Tuangalie ndoa ya 1827. Waandishi wanaeleza kwamba mkataba wake ulimruhusu bibi huyo kwenda kukaa na jamaa zake sehemu ya kila mwaka, na kwamba mwisho alikwenda kwao na hakurudi. Huyu si mwanamke aliyetupwa nje. Ni mwanamke aliyeitumia haki iliyoandikwa katika mkataba wake mpaka mwisho. Kwa upande wa mume, jambo hilo lilikuwa aibu. Na njia rahisi ya kuifuta aibu ya kuachwa ni kusema kwamba wewe ndiye uliyeacha.

Kuhusu binti Irich Mirza, ushahidi ni mdogo zaidi, lakini mwelekeo wa siasa unaonekana. Mwaka 1854 Waajemi waliwafukuza watu wa Seyyid Said kutoka Bandar Abbas. Vita vikafuata, na mwaka 1856 alilazimika kukubali mkataba mpya wenye masharti magumu kuliko ya kwanza. Ikiwa ndoa ilikuwa kwa ajili ya urafiki na Uajemi, basi kufikia wakati huo ndoa na urafiki vyote viwili vilikwisha. Ule uvumi wa malkia mwenye bunduki Bandar Abbas nauona kama namna ya watu wa Unguja kuieleza vita ya ushuru kwa lugha ya nyumbani: tumepigwa kwa sababu mwanamke ana kisasi. Kisasi cha mwanamke ni hadithi nyepesi kusimulia kuliko hesabu za forodha.

Malkia aliyebaki: Jumbe Fatima wa Mwali

Ili kuona tofauti, tuangalie kisiwa cha Mwali katika visiwa vya Komoro, mbele ya pwani yetu ya Cabo Delgado. Jumbe Fatima alirithi ufalme mwaka 1842, akiwa mtoto mdogo, baada ya kifo cha baba yake Ramanetaka, aliyekuwa ametoka Bukini. Wafaransa walimletea mwalimu wa kike ili wamlee upande wao. Watu wa Mwali na Unguja nao walitaka aelekee Unguja. Akaolewa na Said Muhammad Nasser, jamaa wa Seyyid Said. Hapa tena ndoa ni mkataba, na Unguja ndiyo iliyotoa mume.

Lakini katika ndoa hii aliyeondolewa ni mume. Mwaka 1860 Said Muhammad alifukuzwa kisiwani, na malkia akabaki katika kiti chake. Baadaye Jumbe Fatima alipambana na Mfaransa Joseph Lambert, aliyejipatia mashamba makubwa kisiwani kwa mkataba wa mwaka 1865. Alijiuzulu, akasafiri mpaka Ufaransa kudai haki yake, akarudi kutawala tena, na alifariki mwaka 1878.

Kwa nini habari yake ni tofauti? Si kwa sababu alikuwa jasiri zaidi ya binti Irich Mirza. Ni kwa sababu alikuwa kwake. Kiti kilikuwa cha baba yake, ardhi ilikuwa ya kwao, na mume ndiye aliyekuwa mgeni. Jina lake tunalo, barua na mikataba yake ipo. Hakuna anayesema kwamba Said Muhammad "aliachwa". Husemwa "alihamishwa" au "aliondolewa". Mwanamume akitolewa nyumbani kwa malkia, tukio huitwa siasa. Mwanamke akitolewa nyumbani kwa mfalme, huitwa talaka.

Karatasi ya bibi yangu

Bibi yangu mzaa mama hakuwa malkia. Babu alikuwa nahodha wa jahazi lililokwenda Mikindani na Mtwara. Upande wa babu walikuwa na hadithi yao, nami niliisikia katika kila harusi: kwamba bibi alikuwa mwanamke wa makuu, kila jahazi likirudi anataka kanga mpya, babu akachoka akampa talaka tatu. Watu walicheka, na bibi naye alitabasamu. Hakujibu kamwe. Nilikua nikijua kwamba bibi yangu aliachwa kwa sababu ya kanga.

Machi 2021 Palma ilishambuliwa. Tuliondoka na nguo tulizovaa, na baada ya siku nyingi tukafika Pemba, mji mkuu wa jimbo letu, tukakaa kwa jamaa. Usiku mmoja bibi aliniambia, "Karatasi yangu imeungua." Nilidhani anasema kitambulisho, nikamwambia vitambulisho vitatolewa vingine.

"Si hiyo," akasema. "Ile aliyoniandikia mwalimu. Mahari yake nilimrudishia, mjukuu wangu. Yule hakuniacha. Nilitoka."

Ndipo akanieleza. Babu alikuwa ameoa Mtwara na kumficha miaka miwili. Bibi alipojua, alikwenda kwa mwalimu wa msikiti, akarudisha mahari mbele ya mashahidi, na mwalimu akaandika hati kwa herufi za Kiarabu, kwa lugha yetu. Hati hiyo aliiweka katika sanduku la nguo kwa zaidi ya miaka arobaini. Hakumwonyesha mtu. Nilimuuliza kwa nini hakuwajibu watu wa upande wa babu. Akasema, "Ningejibu, mama yako angekuwa mtoto wa baba aliyekataliwa. Bora mimi niwe mke wa makuu."

Bibi alifariki mwaka uliofuata, huko huko Pemba. Karatasi haipo, mwalimu hayupo, mashahidi hawapo. Nimebaki mimi na maneno yake. Nami ninajua udhaifu wangu kama chanzo cha habari. Mimi ni mjukuu, nilimpenda, na sikuiona hati. Mwanahistoria makini angenihoji kama nilivyomhoji Salme, na angekuwa na haki. Lakini angalau sasa zipo kauli mbili, na si moja. Binti Irich Mirza hakupata hata hilo.

Sielezi habari hii ili kulinganisha nyumba yetu na kasri. Ninaieleza kwa sababu hadithi ya kanga na hadithi ya lulu ni hadithi moja. Mwanamke ametoka katika ndoa, nyumba ya mume inatafuta sababu, na sababu inayopatikana ni kwamba alipenda vitu. Ubadhirifu ni shitaka ambalo halihitaji shahidi.

Hitimisho

Nimejaribu kuonyesha kwamba binti Irich Mirza anajulikana kwetu kwa jina la baba yake, kwa cheo chake, na kwa maneno ya nyumba iliyomwondoa. Kwamba aliachwa inawezekana. Kwamba aliondoka kwa hiari yake inawezekana pia, na ndoa ya 1827 inatuonyesha kwamba jambo hilo lilikuwa likitokea. Mfano wa Jumbe Fatima unatuonyesha kwamba tofauti kati ya malkia anayesimuliwa na malkia anayejieleza huenda isiwe tabia yake, bali ni kama alikuwa kwake au ugenini.

Kwa sisi tunaojifunza kuandika hadithi za kihistoria, ninapendekeza mambo mawili. Kwanza, tusikimbilie kuziba pengo kwa machozi. Malkia anayelia dirishani ni rahisi kuandika kwa sababu anakubaliana na maneno ya mumewe. Pili, tuwaulize wazee wetu wakiwa hai, hasa wanawake, na tuandike walichosema pamoja na jina la aliyesema. Kule kwetu Cabo Delgado masanduku mengi yameungua katika miaka hii, na mengi yalikuwa na karatasi ambazo hakuna aliyewahi kuzisoma. Wenye kumbukumbu wametawanyika Pemba, Nampula na kwingineko. Hawatangoja mpaka tumalize shahada.

Hadithi yangu nimeianza upya. Sasa inaanzia asubuhi, katika ukumbi wa Mtoni, na msichana wa kutoka Ruvuma anafagia. Anaokota lulu. Juu kunasikika watu wakifunga mizigo, naye hajui kama bibi anafukuzwa au anakwenda zake. Nimemwacha asijue, kwa sababu hata mimi sijui. Malkia hana jina katika hadithi hiyo. Msichana nimempa jina la bibi yangu.